Ombi la Kutangaza Nyumba Yangu Yatima

Kwa Waheshimiwa Baraza la Watunza Vifurushi vya Linux,

Salaam nyingi popote mlipo, maana mume wangu anasema mmetapakaa mabara yote na wengi wenu hamjawahi kuonana. Hongereni. Mimi nakaa na mmoja wenu nyumba moja, na hali ni hiyohiyo.

Mimi ni mke wa mtunzaji wa ile maktaba yenu ndogo ya kuhesabu tarehe. Mwaka wa kwanza nilijigamba kwa mawifi kwamba mume wangu ana maktaba. Baadaye nikaelezwa kwamba haina kitabu hata kimoja. Ni kipande cha programu kinachozisaidia programu nyingine kujua Jumatatu ijayo ni lini. Kazi ya mume wangu ni kukijenga upya kila Linux, huo mfumo wenu wa kuendeshea kompyuta, unapobadilika, kukifunga vizuri kiwe kifurushi ambacho watu watakipakua, na kuwajibu wanaolalamika. Yote hayo anayafanya bure, kwa mapenzi. Kumbe mapenzi anayo, nimefurahi kujua.

Nimesoma kanuni zenu kwa utulivu. Kifungu cha tisa kinasema kifurushi kisichoangaliwa na mtunzaji wake kwa wiki sita kinatangazwa yatima, na yeyote mwenye nia anaruhusiwa kukichukua. Kanuni ya haki kabisa. Kwa heshima na taadhima naomba itumike kwa nyumba yangu. Ushahidi ni huu:

1. Mlango wa jikoni. Bawaba ya juu iling'oka, nikaripoti mara nne. Alinijibu kwamba kwake unafungika vizuri. Mlango ni mmoja, waheshimiwa, na jikoni ni moja. Hiyo "kwake" sijui iko wapi.

2. Binti yetu alihitimu uuguzi. Sherehe ilianza saa nne asubuhi. Baba mtu alifika saa nane, viti vinakusanywa, kwa sababu mtu mmoja wa mbali alilalamika kwamba maktaba inakosea tarehe kwa siku moja. Anayezihesabia kompyuta tarehe akaikosa ya mwanawe. Binti alimpokea kwa tabasamu, akapiga naye picha na joho lake. Tulipofika nyumbani alijifungia bafuni akalia. Hili sitanii, na liliniuma sana.

3. Nikimwita chakula anasema "dakika tano tu, inajengeka." Nimekwenda kutazama. Ni maandishi yanayopanda kwenye kioo cha kompyuta, naye ameyakodolea macho kama anayechunga maziwa yasimwagike. Nikauliza, ukiondoka yatasimama? Akasema hapana. Sasa anayakalia ya nini?

4. Juzi mtu asiyemjua alimwandikia kwamba kazi yake ni takataka. Alimjibu kwa aya tatu, akimshukuru kwa kutenga muda wa kuandika. Mimi nilipomwambia nimekata nywele alisema, "Sawa, nimeipokea."

5. Mama mkwe wangu akitaka kuongea na mwanawe siku hizi anafungua ripoti ya hitilafu kwenye ukurasa wenu. Ya kwanza aliandika: "Mwanangu, hujambo?" Mliifunga siku hiyohiyo, mkamtaka ataje anatumia toleo gani la programu. Ana miaka sabini na moja. Alikuja kuniuliza mimi.

Kwa kuwa wiki sita zimepita, tena si mara moja, naomba nyumba iwekwe kwenye orodha ya mayatima na atafutwe mtunzaji mwenye nia. Awe anajua kushika bisibisi na anakula chakula kikiwa cha moto. Wategemezi ni watatu: mimi, binti, na mama mkwe. Ikishindikana, nirudishieni yule wa zamani, nitamjenga upya mwenyewe.

Wasalimieni wenzi wenu wote, ambao bila shaka nao wana milango.

Wenu mwenye subira iliyobaki kidogo,
Mke wa Mtunzaji

Tanbihi: Barua hii niliiacha mezani wiki iliyopita nikiwa natafuta anwani yenu. Akaisoma. Asubuhi aliwaandikia kwamba anaiachia maktaba, mkaitangaza yatima. Tangu hapo mlango unafungika, na amekwenda kazini kwa binti kumwomba radhi. Nilichokitaka nimekipata chote.

Jana binti akapiga simu. Kompyuta za kliniki yao zimewahisha miadi ya wajawazito wote kwa siku moja, na fundi wao anasema tatizo ni maktaba fulani ndogo isiyo na mwenyewe. Ni kosa lilelile la siku ya mahafali, alikuwa hajalimaliza. Mume wangu alisikia yote, akaendelea kupanga vikombe, akinitazama kama mwanafunzi anayetaka ruhusa ya kutoka darasani.

Tumekaa wote wawili mbele ya kioo, yeye akieleza, mimi nikiuliza. Programu ilikuwa inahesabu hata siku yenyewe ya kuanzia, ndiyo maana kila tarehe inawahi kwa siku moja. Nimeliona mimi, kwa sababu siku za kumsubiri nimezihesabu sana.

Kwa hiyo ombi la juu lifuteni. Maktaba tunaichukua sisi, na jina langu liandikwe la kwanza. Nawaandikia haya huku inajengeka. Amekuja mara mbili kuniita chakula, nimemwambia dakika tano tu.