Mama wa Kitenge cha Samaki

Jumatatu, tarehe 29 Septemba

Niko Lubumbashi tangu jana. Mgeni wa Shangazi Habiba, hapa Ruashi. Nina diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nina viatu vipya vinavyobana, na nina muda mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo maisha yangu yamekwisha.

Sababu ni Baba. Alisema nyumbani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mbele ya watu wote: chuo cha wakunga kiko katikati ya mji, karibu na mto. Kinapokea wanafunzi wapya mpaka Ijumaa mchana. Nikijiandikisha mwenyewe, bila kushikwa mkono, nitasoma. Nikishindwa, nitakaa na Baba mdogo Yuma katika kibanda chake cha forodha, nigonge mihuri na kusikiliza matusi ya madereva wa malori mpaka nizeeke. Eti mtu anayeogopa kuuliza njia, atamuulizaje mama mwenye uchungu wa kuzaa?

Ni kweli naogopa. Nikimkaribia mtu nisiyemjua, ulimi unakuwa mgumu kama bukari iliyolala, ugali wa jana.

Djamila, binti wa Shangazi, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema: "Weye Najma, hata kuku unamuomba ruhusa mbele ya kumufukuza!" Akataka kunisindikiza. Nilikataa. Nina mpango.

Mpango: kutomuuliza mtu yeyote. Mji huu umepata jina lake kutoka mto Lubumbashi. Basi mto lazima uwe katikati, mpana, watu wamesimama wanautazama. Nitauona, nitaufuata, nitafika chuoni. Mdomo wa nini?

Nikashuka Posta, katikati ya mji. Nikatembea. Nimeona kanisa kuu la matofali. Nimeona gari moshi la zamani lililowekwa stesheni kama sanamu. Nimeona bomba refu la kiwanda kwa mbali, na maduka ya simu, na maduka mengine ya simu. Mto hakuna! Nilipita mbele ya mlinzi wa benki mara nyingi mno, akaanza kunisalimia kama shemeji.

Mchana nikapata akili. Maji huenda mtoni. Nikafuata mfereji wa maji machafu. Ukaniingiza nyuma ya mkahawa. Mpishi akatoka na ndoo, akauliza nimepoteza nini. Nikasema: "Hapana." Si jibu, najua.

Jioni Shangazi akauliza kama nimeuona mto. Nikasema ndiyo, mzuri sana. Akauliza, mkubwa kupita huu wetu wa Naviundu? Nikasema mkubwa kabisa, mtu wa ng'ambo haonekani uso. Mungu anisamehe.

Jumanne, tarehe 30 Septemba

Mpango mpya. Huu hauwezi kushindwa. Nitamfuata mtu anayejua.

Nilikaa Posta chini ya mjakaranda, nikachagua. Vijana, hapana, wanazunguka tu. Wanaume wenye mikoba, hapana, wanakwenda haraka mno. Ndipo akapita mama wa makamo, ameshika njia bila kutazama kushoto wala kulia, kitenge chake kimejaa samaki wa buluu. Samaki! Ishara ya mto. Nikamfuata.

Na mto nimeuona! Tulivuka daraja, nao uko chini pale. Mwembamba, rangi ya chai, umejificha kwenye matete nyuma ya mji. Jamaa mmoja alikuwa anaosha pikipiki ndani yake. Niliuelewa mara moja. Mto huu una haya kama mimi.

Nikaendelea na mama yangu kwa furaha. Akaingia katika uwanja mkubwa. Turubai limetandazwa, watu wengi wamekaa kwenye viti, kimya, wanangoja. Nikajua nimefika. Foleni ya wanafunzi wapya! Wanaume nje, wanawake ndani. Nikasema moyoni, hiki ni chuo chenye nidhamu.

Nikaingia na wanawake. Wote wakaanza kulia kwa sauti kubwa. Kwenye meza kulikuwa na picha ya mzee mwenye kofia, imezungukwa na maua.

Kilio! Nimeingia kwenye kilio cha watu!

Nilitaka kurudi nyuma. Bibi mmoja, mjane mwenyewe, akanishika mikono miwili, akapaza sauti: "Abigaïl! Mutoto ya Sylvain! Umetoka Likasi peke yako kwa ajili ya tate yako?" Huyo Abigaïl, nimeelewa baadaye, baba yake ni mgonjwa hukohuko Likasi, upande wa pili kabisa na kwetu, na yeye hawajamwona tangu akiwa na meno ya maziwa. Nilifungua kinywa niseme mimi si Abigaïl. Kikatoka kilio. Nililia kwa kweli, nikifikiria chuo na kibanda cha Baba mdogo Yuma. Wanawake wakasema angalieni jinsi mtoto huyu alivyompenda tate, babu yake. Wakalia zaidi kwa sababu yangu.

Kilioni hakuna mtu anayemuuliza mwenye machozi jina lake. Wanampa kazi. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka jua linashuka. Mkoba wangu, wenye diploma ndani, wameufungia chumbani pamoja na mikoba ya wafiwa, na mwenye ufunguo amekwenda mochwari. Nimeponyoka mikono mitupu.

Shangazi akauliza vipi huko chuoni. Nikasema kuna watu wengi.

Jumatano, tarehe 1 Oktoba

Mpango: kuingia, kuchukua mkoba, kutoka. Dakika chache tu.

Ilikuwa siku ya mazishi. Kabla sijafika mlangoni nimepandishwa kwenye lori la kwenda makaburini. Ni watu wa Kanisa Katoliki, sisi ni Waislamu. Nyimbo zao sizijui. Nilichezesha midomo. Mama aliyekuwa pembeni akanisifu kwamba naimba kwa unyenyekevu.

Kisha watani. Kwao mazishi hayakamiliki bila watani wa ukoo wa marehemu kuwachokoza wafiwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mmoja wao, Mzee Hénoc, alivaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu. Mjane alicheka huku anajifuta machozi. Halafu Mzee Hénoc akasimama mbele yangu. Nilikufa. Akawaambia watu wote: "Huyu analia kama mbuzi waliyemusahau ku soko! Likasi banamulisha nini?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kaburi lile liwe langu, lakini lilikuwa limeshapata mwenyewe.

Tuliporudi nikawekwa kwenye kazi ya kumenya vitunguu. Aliyekaa karibu yangu ni yule mama wa kitenge cha samaki. Anaitwa Mama Jeanne, marehemu ni baba mkwe wake. Mpole sana. Akaniambia, kati ya kitunguu na kitunguu, kwamba yeye ndiye anayepokea wanafunzi wapya katika chuo cha wakunga, pale karibu na daraja, upande huu huu. Ofisi imefungwa tangu juzi kwa sababu ya msiba. Kesho anafungua.

Kisu kilinianguka.

Akauliza: "Na weye, Abigaïl, unapenda kusoma nini? Sema, nitakupokea wa kwanza."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Nikasema ushonaji.

Mkoba nimeupata. Tumaini sina.

Alhamisi, tarehe 2 Oktoba

Mpango wa mwisho: kwenda chuoni nikiwa mtu mwingine. Yaani nikiwa mimi, lakini kwa sura ya mtu mwingine.

Nilichukua miwani myeusi ya Djamila, na viatu vyake virefu. Djamila akasema nafanana na mjane wa waziri. Nilitembea kama yeye, kwa kurusha mabega. Kwenye daraja kisigino kikaingia katika ufa. Yule mwosha pikipiki alipanda kutoka mtoni kunichomoa.

Mama Jeanne alikuwa mezani anaandika. Alinitupia jicho moja tu, akaendelea kuandika. Akasema: "Abigaïl, vua miwani, mwanangu. Jua liko inje."

Nikaweka diploma mezani. Akasoma jina. Najma Mahamudu. Akasoma tena. Akanitazama.

Basi nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema yote: mto, mfereji, samaki wa kitenge, foleni isiyokuwa foleni. Akauliza nilikuwa namlilia nani siku ile. Nikasema nilikuwa najililia mimi.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Akaita ofisi ya jirani waje kunitazama. Akasema Abigaïl wa kweli alipiga simu jana kuomba radhi kwamba malaria ilimzuia kuja, na mjane akamgombeza: aache uongo, amelia hapa siku mbili, na sombe yake ilikuwa nzuri!

Kisha akaacha kucheka. Akasema mahali panapo, na alama zangu zinatosha. Lakini jina kutoka kinywani mwangu haliamini tena. Anataka kumwona baba yangu kwa macho, si kwa simu, si shangazi. Kesho kabla ya saa sita. Asipofika, ameniandika Abigaïl moyoni, na Abigaïl hajaomba nafasi.

Nikampigia Baba. Nilitegemea radi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba gari la kumleta lipo, lakini njia ya ofisi haijui. Nikasema aulize watu pale Posta. Akakohoa. Akasema: "Najma, kwa umri huu nianze kuuliza watu?" Akaniagiza nije mwenyewe Kasumbalesa alfajiri, nimchukue, nimlete.

Kumbe woga huu nimeurithi kwake!

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba

Naandika nikiwa ndani ya gari. Herufi zinaruka, lakini moyo umetulia.

Alfajiri stesheni ya magari ilijaa kelele. Wapiga debe wanaita miji yote kwa mara moja, husikii mmoja. Shangazi alisema nimuulize dereva. Djamila alisema uliza tu, mdomo haukatwi. Niliwaambia wasiwe na wasiwasi. Mimi sasa nimeujua mji huu.

Sikuuliza. Nilitumia akili. Nilimwona mama mmoja na katoni za biskuti na juisi za Zambia, zimefungwa kwa kamba. Vitu vya Zambia hupita wapi? Kasumbalesa! Mtu yeyote wa mpakani angemtambua. Nikapanda gari alilopanda, nikakaa nyuma yake.

Barabara ni nzuri. Siku ya kuja tulikutana na msururu wa malori. Leo sijaliona hata moja lililopanga foleni. Bahati. Jua la asubuhi, ambalo nililitegemea kushoto, liko kulia. Labda ni majira yanabadilika, mvua ziko karibu.

Nimeshapanga yote. Baba atanisubiri barabarani kwa kanzu yake nyeupe. Tutarudi mapema. Tutavuka daraja pamoja, nitamwonyesha mto. Mama Jeanne atamsalimia. Saa sita itukute nimeshakuwa mkunga, au karibu.

Yule mama wa katoni amegeuka sasa hivi. Amenitazama sana. Anasema alikuwa kilioni Jumatano, yeye ni jirani wa mjane, anapeleka vitu vyake kuuza. Ameruka kwa furaha: "Abigaïl, mutoto ya Sylvain! Kumbe unarudia kwenu! Nitakufikisha mpaka ku mulango ya baba yako."

Nimetikisa kichwa kukubali. Ni mtu mzima, si vizuri kumkatalia mbele ya abiria.

Tena ni bahati. Anajua mlango wa Baba.