Duka, Pikapu na Mengineyo

Bwana Kalamu aliitwa hivyo kwa sababu ya kalamu tatu alizochomeka mfukoni mwa shati, na katika hizo tatu hakuna iliyokuwa na wino. Ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki mlangoni pa duka la fotokopi. Juu ya duka hilo, ghorofa ya pili, palikuwa na wakili wa kesi za kufilisika. Hakuna mvuvi aliyewahi kutega mahali pazuri kama hapo. Anayekwenda kumwona wakili wa namna hiyo hupita kwanza kutoa nakala za barua za wadai wake, na anayetoa nakala za barua za wadai wake huwa amelainika kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Ijumaa asubuhi akatumbukia muuza magodoro. Shati lilikuwa limempasuka kwapani, lakini mkononi alizungusha funguo za pikapu ili kila mtu azisikie.

"Bosi," Kalamu akamwambia kwa sauti ya kumwonea huruma, "juu pale unakwenda lini?"

"Jumatatu, saa nne."

"Na umejiandaa?"

"Mke wangu ndiye anakusanya makaratasi."

Kalamu akafumba macho kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Makaratasi! Bosi, wanataka kukuvua nguo na wewe unawapelekea vifungo?"

Kufikia saa tano walikuwa dukani kwa Magodoro, bwana mkubwa amejilaza juu ya bidhaa yake mwenyewe, Kalamu anamfundisha kuwa maskini.

"Wakili akikuuliza swali, usijibu. Kohoa kwanza."

Magodoro akakohoa. Alikohoa vizuri sana. Mtu aliyeshindwa kuuza magodoro katika mji ambao watu wake wote hulala, angalau kukohoa alikuweza.

"Sasa mali," Kalamu akaendelea. "Duka na pikapu unaniandikia mimi, leo. Jumatatu wakili anakukuta mweupe, huna hata sindano. Madeni yanafutwa. Baada ya miezi sita nakurudishia kila kitu, na mimi unanipa kidogo tu ya usumbufu."

Magodoro alimeza mate. Kuwadhulumu watu wote aliowakopa, na bado akaendesha pikapu! Kwa raha aliyoisikia hata hakujiuliza kwa nini mtu mwenye maarifa makubwa hivyo anakalia kiti cha kuazima.

Nyuma ya duka cherehani ilinyamaza. Mke wa Magodoro akatoka na boksi la viatu kifuani. Yeye ndiye aliyeshona makava ya magodoro, na ya majirani, na sare za shule za mtaa mzima. Tangu mumewe akope pikapu ili aonekane mtu, cherehani hiyo ndiyo iliyolisha watoto watatu na kuwalipia ada.

"Baba watoto, katibu wa wakili ametupatia orodha. Barua za wadai, mkataba wa pango, mkopo wa gari, risiti zote. Amesema tusifiche kitu."

"Mama watoto, haya ni mambo ya wasomi," alisema mumewe, ambaye jina lake mwenyewe aliliandika kwa kutoa ulimi.

"Shemeji usihofu," akasema Kalamu, akimvisha kilemba cha ukoka. "Mwanamke mwenye akili kama wewe ataona mwenyewe." Akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Mama watoto akaisoma, na kidole chake kikasimama mahali pamoja.

"*Duka la magodoro, pikapu na mengineyo.* Samahani shemeji, hayo mengineyo ni nini?"

Neno hilo lilikuwa mtoto kipenzi wa Bwana Kalamu. Lilikwisha kumpatia friji, makabati mawili na mlango wa mbele wa nyumba ya mjane mmoja.

"Mengineyo, shemeji, ni mengineyo."

"Na cherehani yangu?"

"Ikiwa dukani, ni mengineyo."

Mama watoto akamtazama mumewe. Mumewe akakohoa.

Basi akainama, akakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa, na alipoinua uso ulikuwa mpole kupita kiasi. "Mimi sikusoma sana. Lakini risiti ya cherehani ina jina langu, wakili akija kuiona atauliza maswali. Tuandike *isipokuwa cherehani*?"

Kalamu akaitazama cherehani ile kuukuu, akafikiria pikapu. "Haya, shemeji, kwa heshima yako."

"Na hapo kwenye mengineyo utufafanulie kidogo, wasije wakasema karatasi haieleweki. Wewe ndiye mjuzi."

Mjuzi akatanua kifua. Alijaribu kalamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama watoto akampa ya kwake. Akaandika kwa mwandiko wa mikia: *yaani kila kilicho cha duka na cha gari, kinachoonekana na kisichoonekana, kilichopo na kitakachokuja, kuanzia leo ni juu yangu, na mwenye duka wa zamani hahusiki tena na lolote.* Yeye na Magodoro wakatia saini.

Mama watoto akaenda kutoa nakala. Badala ya moja akaja na nne.

"Zote hizo za nini?" mumewe akang'aka.

"Watoto watachora upande wa nyuma."

Mchana ule cherehani ikahamia nyumbani, na nakala tatu zikatembea mjini.

Jumamosi Kalamu alikuwa amekalia godoro nene kuliko yote, akimsubiri mnunuzi wa pikapu. Wakaingia watu watatu: mwenye jengo, msambazaji wa sponji, na mtu wa mikopo ya magari. Akadhani wateja.

"Wewe ndiye mwenye duka?" akauliza mwenye jengo.

"Kwa jina na kwa karatasi!"

"Na pikapu?" akauliza mtu wa mikopo.

"Yangu! Someni wenyewe." Akaitoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya kutangaza ushindi, mpaka alipofika *kisichoonekana*.

"Simama hapo," akasema mwenye jengo. "Kodi yangu ya miezi saba, wewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi ndiyo hiyo."

"Na pesa za sponji nazo hazijaonekana," akasema msambazaji.

Mtu wa mikopo alikwishanyoosha kiganja, anasubiri funguo. "*Na kitakachokuja.* Hiyo ni riba, ndugu yangu. Inakuja."

Kalamu akaikunja karatasi haraka. "Wazee wangu, hii karatasi si ya kweli! Ilikuwa ya kumdanganya wakili tu!"

"Ahaa," mwenye jengo akatabasamu. "Twende kituo cha polisi ukaieleze vizuri hiyo, au utatuandikia hapa kwamba madeni ni yako?"

Akaandika. Hata hapo ilibidi aazime kalamu.

Jumatatu saa nne kasorobo kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Kalamu mwenyewe alisimama chini ya ngazi ya wakili, shati limepasuka kwapani. Mama watoto alikuwa amempigia katibu simu kwamba zamu yao wamemwachia ndugu mmoja mwenye shida zaidi, kisha akaja mwenyewe kumpa orodha. Nyuma yake mumewe alibeba marobota ya vitambaa. Hakuwa na duka wala gari, na kazi mpya alipewa kwa masharti: asiongee na wateja.

"Kohoa kwanza," hata hivyo Magodoro alimnong'oneza Kalamu.

Kalamu akaipitia orodha. Barua za wadai, mkataba wa pango, mkopo wa gari, risiti. Chini kabisa palikuwa na neno moja lililoongezwa kwa wino mbichi.

"Shemeji," akauliza kwa sauti nyembamba, "hapa *mengineyo* ni nini?"

Mama watoto alikuwa anakwenda zake, kuna sare kumi na mbili zinamsubiri.

"Mengineyo, shemeji, ni mengineyo."