Not Only Kitanda

Jumatatu, 8 Machi 1971

Bwana Mwololo, karani mkuu, ameniita mbele ya ofisi nzima. Mkononi barua niliyomwandikia mteja wetu wa Kitisuru, Bi Wanjugu: "On Saturday we shall bring you not only the bed." Barua safi. Haina doa. Mwololo anasema "not only" ni kusema "si hiki tu", na lazima ifuatwe na "but also", yaani "bali pia kile". Mama wa watu anangoja hicho kile. Amehamisha hata kochi ili kukipisha. Nikasema kitanda kinamtosha mtu mmoja. Hakupendezwa. Ijumaa anatupa mtihani wa maneno haya yanayokwenda mawili mawili. Atakayeshinda ndiye mkuu wa barua. Mimi, Zedekiah Ogutu, nimeliandikia duka hili la fanicha barua miaka sita. Mpinzani ni Selpher, mpiga taipu aliyekuja Januari.

Jumanne, 9 Machi

Selpher amejitolea kunifundisha saa ya chakula. Nimemwambia nina shughuli. Nilikaa bustani ya Jeevanjee kwenye benchi, bila shughuli. Mtu wa miaka arobaini hafundishwi na msichana aliyemaliza shule juzi. Tatizo ni Peres, mke wangu. Nilishamwambia cheo nimepata. Naye ameshawaambia akina mama wote wa kanisa letu Kangemi.

Jumatano, 10 Machi

Selpher ametoka kula. Daftari lake wazi mezani. Safu mbili: kushoto neno, kulia mwenzake. Nikanakili safu ya kushoto yote: either, neither, both, not only. Mara viatu vyake ngazini. Nikajifanya natafuta wino.

Alhamisi, 11 Machi

Nimepata safu ya kulia. Kwa haraka nilianzia mstari wa pili, lakini mstari mmoja ni nini? Nimekariri kwa miguu kutoka mjini hadi nyumbani. Either, nor. Neither, and. Both, but also. Na "not only" limebaki peke yake, halina mwenzake. Kumbe nilikuwa sahihi tangu Jumatatu. Mwololo ataniomba radhi.

Ijumaa, 12 Machi

Selpher kumi kwa kumi. Mimi sifuri. Mwololo ameuliza nilijifunzia wapi. Nimesema kwa mtu anayejua. Selpher akalitazama daftari lake, akanitazama mimi, akanijia polepole.

"Bwana Ogutu, mstari wa kwanza kulia, wa 'or', uliuruka?"

"Mstari upi?"

Hakunisemea kwa mkubwa. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Kuanzia kesho napanda lori na dereva Kilonzo, kupeleka mizigo, mpaka Mwololo aamue vingine.

Jumamosi, 13 Machi

Kitisuru. Tumeshusha kitanda. Bi Wanjugu akasimama katikati ya chumba kitupu, akauliza kitu cha pili kiko wapi. Nikamweleza sarufi ilivyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Si ungeniandikia Kiswahili tu, baba? Ningeelewa."

Nikamjibu kwamba kitanda cha mvule kina heshima yake. Kisha nikamsaidia kurudisha kochi. Zito sana. Kilonzo alicheka mpaka Westlands.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani akina mama wamenipongeza kwa cheo. Nimepokea pongezi zote. Mzee wa kanisa, Haron Kihara, akasema vijana wengi wanatafuta kazi za ofisini na Kiingereza kinawaangusha. Je, mtu kama mimi hawezi kuwafundisha? Nilikubali kabla hajamaliza. Peres alinitazama kwa fahari. Sikuwa na njia nyingine.

Alasiri wamekuja kumi na wanne na penseli zao. Nimewapa somo la kwanza: "both" huenda na "but also". Wote wameandika. Mmoja tu, binti anaitwa Wangu, akanyoosha mkono, akasema shuleni waliambiwa ni "and".

Nimemhamishia benchi la nyuma.