Uzinduzi wa Maabara ya Elektroni na Baridi Kali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Naibu wangu, waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na wote wanaokaimu nafasi za wanaokaimu, Daktari wa fizikia, binti yetu, wanafunzi wake, itifaki imezingatiwa, na kama haijazingatiwa, izingatieni wenyewe huko mlipokaa. (Makofi.)

Leo, kwa unyenyekevu nilionao kuliko mtu yeyote humu ndani, nazindua maabara hii ya kimkakati, jumuishi, shirikishi na endelevu, ambayo kwa mujibu wa fremuweki niliyoiasisi mimi itapandisha tija ya wadau kwa asilimia mia moja na arobaini, na hiyo arobaini, ndugu zangu, ni jitihada zangu binafsi. (Vigelegele kutoka kwa watumishi wa ofisi yake.)

Wataalamu wamenieleza kwamba waya wa shaba ukiupoza, umeme hupita kwa ulaini. Lakini shaba ikiwa na chembe chache za chuma chenye usumaku, ukiipoza kupita kiasi, ukinzani, yaani ule ugumu wa umeme kupita, unaacha kushuka, unaanza kupanda tena! Loo! Kisa? Elektroni, badala ya kwenda zake, zinajazana kuizunguka chembe ya chuma mpaka usumaku wake unafunikwa, hauonekani tena. Hiyo ndiyo Athari ya Kondo, nami niliielewa papo hapo, maana ndivyo ofisi yangu inavyofanya kazi: mimi nipo katikati, watu wote wamenizunguka, na hakuna faili linalopita. (Vicheko. Katibu muhtasi anainamisha kichwa.) Mnacheka nini? Hiyo ni sifa! Na kwa kuwa sitaki uzembe, nimeshaagiza elektroni zote zipewe semina elekezi.

Naona binti yetu Daktari amenyoosha mkono. Shusha, mama, utachoka. Najua wanafunzi wako wa mwaka wa mwisho hawahitimu mpaka wapime vipande vyao vya shaba kwenye baridi hiyo, na muda unakwisha mwisho wa mwezi. (Sauti: “Ijumaa, mheshimiwa! Unakwisha Ijumaa!”) Ijumaa, asante. Haraka haraka haina baraka. (Sauti: “Tuiwashe basi hiyo mashine, tupime leo!”) We mwanangu, usiiguse! Ukiigusa, baridi itatoka yote!

Elektroni? (Oyee!) Baridi? (Oyee!) Ukinzani? (Zii!) Mimi? (Oyee, ya watumishi wa ofisi yake peke yao.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru shemeji yangu, fundi seremala, aliyeitengeneza mashine hii kwa mbao, akaipaka rangi ya fedha, ikapendeza kuliko ile ya kweli ambayo hatukuiagiza. Namshukuru mwenye ghala hili aliyetuazima mpaka saa sita, maana viti vyake vya kukodisha vinarudi kutoka harusini. Namshukuru binti yetu Daktari kwa uvumilivu. Unalia, mama? Hayo ni machozi ya furaha, mpigieni makofi. (Hakuna anayepiga.) Na ninyi wanafunzi, asanteni sana kwa kunisikiliza. Wenzenu wa vyuo vingine wanahitimu na kuondoka, lakini ninyi, kwa kuwa mnarudia mwaka, mtakuwepo kunipokea nikija kuizindua tena.