Mwizi wa Kamba za Nguo

Jumatatu, 4 Machi
Baba mdogo kaniita sebuleni. Anataka nihamie uhasibu muhula ujao. Ada analipa yeye, na bado hajaona sosholojia inamsaidia nani. Nikamweleza kuwa tunasoma jamii.

"Jamii si hii hapa nyumbani?" akasema. "Ya nini kuisomea?"

Nimepewa hadi Jumapili nimwoneshe faida yake. Uhasibu! Mimi na hesabu ni paka na panya.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Mshonaji wa ghorofa ya juu na nesi wa chini katika jengo letu hawasalimiani. Nitawachonganisha, wagombane waziwazi, kisha niwapatanishe kisomi mbele ya baba mdogo. Alfajiri nimehamishia shuka la mshonaji kwenye kamba ya nesi. Nasubiri kiwake.

Jumatano, 6 Machi
Hakijawaka. Mshonaji kauliza kwa upole. Nesi kajibu kwamba hata soksi zake hazionekani. (Soksi si mimi!) Wamekubaliana kuna mwizi. Nimelazimika kuongeza kuni: nimechukua pazia la nesi.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Jengo zima linalinda kamba kwa zamu. Wanakunywa chai uani na kucheka. Nikaona heri nilirudishe pazia, nimelizungushia tumboni ndani ya shati. Nesi akanikuta ngazini. Akanibonyeza tumbo, akauliza mara ya mwisho nilikwenda haja lini. Nimeagizwa kunywa maji mengi. Pazia nimelitupa nyuma ya tangi.

Jumapili, 10 Machi
Pazia limeonekana. Wamelaumu upepo! Hakuna aliyenishuku. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jioni baba mdogo akaniuliza imekuwaje hawa wawili, waliokuwa hawatazamani, leo wanapika pamoja. Nikabwabwaja kitu pekee ninachokumbuka kutoka darasani: watu wakipata adui wa nje, husahau yaliyo baina yao. Akakuna kidevu mpaka nikaanza kujiona nimeketi na wahasibu.

"Kumbe mnasoma mambo ya maana," akasema. "Baki hukohuko."

Nimepona! Nimefurahi hadi machozi yamenilenga. Hii elimu ina thamani jamani, nami nilikuwa nasinzia.

Halafu akaniomba msaada. Gereji kwake mafundi wawili hawasemeshani, kazi zinalala. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni somo langu.

Kesho alfajiri naenda kuficha spana.