Daraja la Mababu wa Kuuza

Injinia alikwenda kwenye mkutano wa daraja kwa sababu ya soda. Tangazo lilisema wazi: wananchi wote mnakaribishwa kutoa maoni, vinywaji vitakuwepo. Maoni hakuwa nayo. Kiu alikuwa nayo.

Jina hilo la Injinia, tuelewane mapema, alijipa mwenyewe. Maishani mwake hajajenga hata banda la kuku. Ila alikuwa na kofia ngumu ya manjano, kizibao cha kung'aa na futi ya kukunja, na mtu mwenye vitu hivyo mjini haulizwi cheti. Aliwahi kuwauzia watu nafasi za kuegesha magari mbele ya posta, na siku moja alimtoza mwenye hoteli ushuru wa kivuli. Wa kivuli, jamani! Na yule bwana alilipa, tena akaomba apunguziwe.

Ukumbini walikuwa wanabishana kama daraja la zamani livunjwe au liachwe. Afisa mipango wa mji, kijana wa tai nyembamba, alisema livunjwe: limechoka, lina nyufa, malori mawili hayapishani. Aliyempinga alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mkuu wa chama cha Watetezi wa Daraja, chama cha watu wachache wenye miwani mikubwa.

"Na aibu yetu ni hii," alisema Mwalimu, sauti ikimtetemeka. "Kwenye lile bamba la shaba kuna majina mawili tu. La aliyelichora na la aliyekata utepe. Waliobeba mawe, waliochanganya chokaa, hawamo! Hakuna anayewajua. Wajukuu zao huenda wamekaa humu humu ndani, na wenyewe hawajui!"

Watu walipiga miayo. Injinia aliweka chupa chini. Hakuna anayewajua. Maneno hayo yalimshukia kooni, matamu kuliko soda yenyewe.

Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Nyumbani kwake, kwa bahati, kulikuwa chini ya daraja hilo hilo. Katika tao la kwanza, upande wa soko, mama yake mdogo alikuwa na karakana ya ushonaji: cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi, na pazia ambalo nyuma yake Injinia alilala juu ya robota za vitambaa. Kila lori lilipopita juu, vumbi la chokaa lilidondoka, na Mama Mdogo alifunika vitambaa vyeupe bila hata kuinua macho. Ndiye aliyemlea Injinia tangu mama yake mzazi alipofariki. Hakuwa na duka pengine, wala nyumba pengine. Lile tao ndilo lilikuwa kila kitu.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wanavunja."

Cherehani ilinyamaza. "Wameamua?"

"Baraza litakaa mwisho wa mwezi. Lakini nyuso zao nimeziona, Mama Mdogo. Wanavunja."

"Na mimi nitakwenda wapi?"

Injinia alijifanya hakusikia. "Nataka unishonee beji. Kitambaa cha bluu, uzi wa dhahabu. Ziandikwe 'Mjukuu wa Mjenzi'."

Mama Mdogo alimtazama kama mtu anavyotazama shati lililokwisha kutiwa viraka vya kutosha. "Umeanza tena."

"Kazi ya jamii hii!"

"Haya. Ila kila mwenye beji aje mwenyewe nimpime kifua. Beji isiyokaa sawa inaniharibia jina."

Injinia hakuona ubaya. Hapo ndipo alipokosea, lakini tusiende mbio.

Asubuhi yake mji ulipata habari kwa njia inayoaminika kuliko zote, yaani kwa kunong'onezwa. Kwamba kuna ofisi, haitajwi, inawatafuta wajukuu wa wajenzi wa daraja. Kwamba likivunjwa watalipwa fidia, na fidia yenyewe si ya kitoto. Kwamba kuna ada ndogo ya kuandikishwa, na kwamba yule Injinia wa kofia ya manjano anajua mambo, ila hapendi kusumbuliwa.

Wakamsumbua.

Wa kwanza alikuwa mwenye famasi, mtu mzima wa kuheshimika, koti jeupe na kalamu mfukoni. "Babu yangu nadhani alipitapita maeneo haya," alisema kwa haya.

"Alipitapita, au alibeba?" aliuliza Injinia kwa ukali, futi mkononi.

"Alibeba."

"Alibeba nini?"

"Mawe?"

"Nilijua! Hilo bega lako nimelitambua tangu mlangoni." Na ada ikalipwa.

Wakaja wengine. Kinyozi akapata babu wa chokaa. Mama wa duka la simu akapata babu wa kamba na kapi za kupandishia mawe. Mtu mmoja aliyehamia mjini mwaka uliopita alipata babu aliyekuja kwa mkataba. Ndani ya wiki mbili daraja lilikuwa limejengwa na watu wengi kiasi kwamba mto wenyewe usingewatosha kunawa mikono.

Kisha akaja Bwana Chakavu. Huyu alikuwa tajiri wa vyuma vikuukuu, tumbo mbele, funguo za malori kiunoni. Afisa mipango alikwisha mwahidi vyuma vyote vya daraja likibomolewa. Sasa alitaka na fidia pia, ale huku na huku.

"Nasikia unagawa mababu," alisema.

"Sigawi. Natambua."

"Natambulika kwa kiasi gani?"

Injinia alimpima kwa macho. "Wewe nakuona una damu ya wabeba mchanga."

"Mchanga?" Bwana Chakavu alivimba. "Mimi? Na malori yote yale? Babu mkubwa zaidi huna?"

"Yupo msimamizi mkuu wa waashi. Lakini huyo bwana, huyo ni mzito. Siwezi kumtoa hivi hivi."

"Mtoe."

Akatolewa. Siku hiyo Injinia alirudi amejaa mifukoni mpaka anatembea upande.

Huko kwa Mama Mdogo foleni ilikuwa ndefu. Alimsimamisha kila mtu mbele ya kioo, akamzungushia utepe, pini zimebanwa midomoni, na kabla ya kuibandika beji akauliza swali moja.

"Babu yako alifanya nini darajani?"

Basi mtu afanyeje? Lazima aseme. Na watu wa foleni wanasikiliza, kwa hiyo lazima aseme vizuri. Kinyozi alianza na maneno mawili matatu, akamaliza na jinsi babu yake alivyokesha akilinda tanuri la chokaa mvua isilizime. Mama wa simu alisema babu yake aliimba, na kamba nzima ya wanaume ikavuta kwa kufuata sauti yake. Alipofika hapo akafuta machozi. Machozi ya kweli! Mama Mdogo alitikisa kichwa, akatoa pini mdomoni, akasema, "Ulikuwa na babu mwanamume hasa. Pita darajani ukienda nyumbani, uliguse jiwe lake."

Wakapita. Wakagusa.

Siku moja Bwana Chakavu alimkuta mwenye famasi kwenye foleni. Hawa walikuwa majirani, na hawajasalimiana tangu lori la mmoja lilipogonga bango la mwenzake. Sasa mwenye famasi, kwa kuwa alikwisha simulia mara nyingi, alikuwa amempandisha babu yake cheo bila kuongeza ada.

"Babu yangu ndiye alikuwa msimamizi mkuu wa waashi," alisema kioo kikimtazama.

"Wako?" alinguruma Bwana Chakavu. "Huyo ni wangu!"

Injinia, nyuma ya pazia, alianza kutafuta viatu vyake. Mama Mdogo akawatazama wote wawili, akapima pua zao kwa macho.

"Basi nyinyi ni ndugu," alisema. "Mnagombana miaka yote hii, kumbe damu moja. Hamna hata aibu."

Wale wazee wakatazamana. Halafu wakakumbatiana katikati ya karakana mpaka meza ya kukatia ikasogea, na kesho yake bango la famasi likasimamishwa upya kwa chuma kizuri cha Bwana Chakavu.

Injinia aliona wakati wa kuondoka umewadia. Alimletea Mama Mdogo koti zito. "Nitilie mifuko ya ndani. Mingi. Halafu uizibe juu kwa uzi."

"Unasafiri?"

"Kidogo. Siku ile ya kikao cha baraza, basi la mchana."

Mama Mdogo alilipokea koti, akalipapasa bitana. "Daraja likivunjwa nitakaa wapi, mwanangu? Nilikuuliza, hukunijibu."

"Nitakutumia kitu."

"Sikuulizi kitu. Nakuuliza wapi."

Roho ilimchoma Injinia, nisimsingizie. Lakini alikuwa na dawa ya roho ikichoma: kulala. Akaingia nyuma ya pazia akalala. Mama Mdogo alishona mifuko yote, kwa mshono imara, noti za Injinia zikiwa ndani, na chozi moja lilimdondokea kwenye bitana. Akalipiga pasi.

Siku ya kikao, Injinia alikuwa amevaa koti na amekamata begi wakati lori la Bwana Chakavu liliposimama mlangoni, limejaa wajukuu, kila kifua kina beji.

"Injinia! Panda! Bila wewe tutaanzaje?"

"Mimi nina udhuru..."

"Udhuru gani? Sogeeni, mwacheni Injinia akae mbele!" Mikono ikamnyanyua, begi na vyote. Pembeni yake alikuwa amekwisha kaa Mama Mdogo, kibweta cha ushonaji mapajani.

Ukumbi ulifurika. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja asiyecheka na mtu. Afisa mipango alirudia yake: nyufa, malori, na haja ya daraja jipya la njia sita. Akamalizia kwa tabasamu, "Na hawa wenzetu, nasikia wanachosubiri ni fidia tu."

Bwana Chakavu akasimama. Uso umemwiva.

"Fidia?" alisema. "Wewe kijana, utanipa shilingi ngapi nikuuzie babu yangu?"

"Mzee, si ulisema unataka vyuma..."

"Vyuma vyako chukua! Babu yangu alisimama juu ya yale mawe jua linawaka, anasema hili liende huku, lile liende kule. Leo mimi nikamng'oe kwa lori langu? Thubutu! Atakayegusa jiwe moja atanipitia mimi kwanza!"

"Na mimi!" alipiga kelele mwenye famasi. "Huyu ni binamu yangu!"

Ukumbi ukalipuka. Wale waliokuwa bado wanaitaka fidia waliona aibu kuitaja, wakapiga makofi kuliko wote. Mwalimu mstaafu aliangalia huku na huku kama mtu aliyeota ndoto akaamka ameishika mkononi. Chama chake cha miwani kumbe ni mji mzima!

Mwenyekiti aligonga meza. "Nimesikia. Mto una nafasi, hilo jipya linaweza kujengwa kule juu. Lakini nyufa ni nyufa. Hili la zamani lisipokarabatiwa litawaangukia na hao mababu zenu. Na baraza halina hela hata ya ndoo ya rangi. Nani ataanza kutoa?"

Kila mtu alivisoma viatu vyake. Hata Bwana Chakavu alikaa taratibu. Afisa mipango akaanza kukunja karatasi zake, na Mama Mdogo aliona tao lake likiondoka hivi hivi, mbele ya macho yake.

Injinia alikuwa tayari yuko hatua chache kutoka mlangoni.

"Hela ipo, Mwenyekiti," Mama Mdogo alisema. "Injinia ameivaa."

Kila kichwa kikageuka. Mama Mdogo alikwisha mfikia, mkasi mdogo mkononi. "Alikuwa anakusanya kwa ajili ya ukarabati muda wote huu," alisema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa. "Ila ana haya, hapendi sifa. Geuka, mwanangu." Kriti! Akakata mshono wa kwanza. Kriti! Wa pili. Noti zikamwagika sakafuni, na watu wakasimama juu ya viti.

Fikiria mwenyewe ungekuwa yeye. Useme ni zako? Ulizipata wapi? Injinia alizitazama noti sakafuni, akajiweka sawa kilichobaki cha koti.

"Nilikuwa," alisema, "nasubiri wakati unaofaa."

Walimbeba juu juu. Bwana Chakavu akaongeza nondo na malori ya kubebea mchanga, mchanga huo huo aliokuwa akiudharau. Baraza likapiga kura, daraja likabaki, na kwa shangwe kubwa Injinia akateuliwa msimamizi wa ukarabati, kila asubuhi, kofia kichwani, macho ya wajukuu wote juu yake. Basi la mchana liliondoka na kiti kimoja kitupu.

Jioni alikaa karakanani, koti linaning'inia vipande vipande mwilini.

"Mama Mdogo, umeniibia."

"Nimekuibia nini? Toka nje ukawatajie watu, mimi nakungoja."

Hakutoka. Lori lilipita juu, vumbi likadondoka, Mama Mdogo akafunika kitambaa chake.

"Na kama ungeuliza ningekwambia," aliendelea, akitunga uzi. "Baba yangu, babu yako, alikuwa mwashi hapa. Nguzo ya pili ni mikono yake. Mji mzima umewapa mababu, na mwenye babu wa kweli ni wewe peke yako."

Injinia alimkazia macho. "Kweli hiyo, au unanifunga kamba?"

"Wote wale uliwauzia, hakuna aliyetaka ushahidi. Wewe nakupa wako bure, unaniletea maswali!"

Injinia alitazama pazia, akatazama mawe ya ukutani. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Alikuwa anafanana na mimi?"

"Sana," alisema Mama Mdogo. "Mwongo vile vile. Ila yeye alifanya kazi."