Lalamiko Kuhusu Riwaya Iliyohamisha Kochi Langu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, ingawa hunijui, na ukimaliza kusoma huenda usitamani kunijua. Mimi ni karani mstaafu na mume wa mwalimu wa fasihi. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja kwa amani mpaka mlipochapa ile riwaya ya mzee aliyenuna.

Mzee yule, kama ujuavyo, hashauriki. Mwandishi anamtoa ofisini, anampeleka jela, kisha hospitali, na kila akihamishwa ukali unampungua. Mke wangu huwafundisha wanafunzi kwamba mandhari ndiyo yanayomfinyanga mhusika mkuu. Sikuwa na ugomvi na hilo, ni kazi yake. Ugomvi ulianza alipofunga kitabu, akanitazama juu ya miwani na kusema, "Kumbe wewe shida yako ni sebule."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nina kochi langu la sebuleni ambalo hakuna mwingine anayelikalia. Wageni huambiwa mapema, wangali mlangoni. Siku moja nilitoka kununua gazeti, kurudi nikalikuta jikoni, kando ya beseni la vyombo. Kwa kuwa sikalii kitu kingine, nikalikalia hapo hapo. Sasa mtu ataona vitunguu vinaungua mbele ya macho yake akae kimya? Nikashika mwiko. Siku hizi napika, na mke wangu ananisifia mbele za watu, jambo linaloniharibia jina.

2. Kutoka jikoni likapelekwa barazani. Jirani yetu fundi bomba nilikuwa nimemnunia tangu enzi na enzi, lakini barazani mtu hana pa kuficha uso. Akasalimu, nikaitikia kwa bahati mbaya. Sasa huja kila jioni kunivunja mbavu. Tumejaribu kukumbuka tulikosania nini, hakuna anayejua. Kununa kwangu kote kumekwenda bure.

3. Hili ndilo lililonikata maini. Binti yetu aliolewa na kinyozi wakati mimi nilishamchagulia mhasibu, nami nikaapa sitakanyaga kwake. Mwezi uliopita mke wangu na huyo fundi bomba walilipakia kochi kwenye mkokoteni, wakaliteremsha kwa binti, katika chumba cha mbele ambamo mumewe hunyolea watu. Nililifuata kochi, Ndugu Mhariri, na naomba ieleweke kwamba sikumfuata binti. Nilikaa nikakunja uso. Binti akaniletea chai, tangawizi imekolea kama ninavyopenda, wala hakuwa amesahau. Macho yakaanza kuniwasha. Nadhani ni nywele za wateja.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, toleo la pili lirekebishwe. Katika sura ya mwisho mzee arudishwe ofisini kwake, awe mkali kama zamani, aachwe apumzike. Mke wangu akisoma hivyo atalirudisha kochi sebuleni, nami nitanuna kama ninavyostahili. Mkikataa nitalazimika kwenda kwa binti kila siku, maana kochi liko kule, na lawama zote zitakuwa zenu.

Nisalimie mwandishi, wapiga chapa na mlinzi wa getini. Wote nawatakia afya, na pia wakae walipo wasihamishwe.

Wako, mwenye kochi ugenini,
Karani Mstaafu

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amekubali kochi lirudi, na mkwe wangu kaleta mkokoteni hapa kwake alipakie. Nimemzuia. Binti yetu ni mjamzito, mgongo unamsumbua, na nyumba nzima hii haina kiti kingine kinachomfaa. Nimemwambia, "Likalie, mwanangu. Ni lako." Kwa hiyo riwaya ile msiiguse hata ukurasa mmoja. Maneno haya nayaandikia kwenye benchi la wateja, nasubiri zamu yangu ya kunyolewa.